Begi la Bwana Mkubwa

4 Februari

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Mimi sijambo, mama hajambo, na mwenye nyumba wangu naye hajambo ila mdomo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa, kwa sababu ukiisoma umesimama utaishia katikati uende kuangalia chungu. Nakujua.

Nimepata kazi. Usifurahi bado, ngoja nikueleze. Ni shirika la hisani linalosaidia watu wazima wenye ulemavu wa akili, wale ambao wewe husema ni wazito wa kuelewa. Hapa ukisema hivyo msimamizi anakutazama mpaka unajuta kuzaliwa. Tuna nyumba wanamoishi watu wanane, na nyuma yake karakana ambako wengine huja mchana kutengeneza sabuni na mishumaa, kisha jioni wanarudi makwao.

Nilidhani kazi yenyewe ni kuvisha, kulisha na kupangusa. Siku ya kwanza nikamkuta mama mmoja wa makamo anahangaika na vifungo vya blauzi. Nikamfungia vyote chapuchapu, nikageuka nisubiri sifa zangu. Msimamizi akaniuliza, "Sasa yeye afanye nini asubuhi yote?" Tangu siku hiyo natakiwa kuuliza mtu anataka nini, kisha ninyamaze, mikono nyuma, mpaka afanye mwenyewe au aombe msaada. Wewe uliyeniita Bi Haraka tangu nilipokuwa natambaa, cheka basi. Yule mama akianza na kifungo cha kwanza mimi natokwa jasho, na nikifika nyumbani nimechoka kuliko aliyebeba matofali, na sijagusa kitu.

Sielewi kama ninasaidia watu au ninawatazama tu. Mshahara wanalipa, kwa hiyo lazima kuna jambo ninalofanya.

Msalimie sana mwanao, Bwana Mkubwa. Nimemfikiria mno tangu nianze hapa. Nimejaribu kukumbuka kama nimewahi kumwona akifunga vifungo vyake, sikumbuki. Nadhani kila mara ulikuwa umeshamfungia.

Wako,
binti wa kaka yako


2 Machi

Kwa Bi Haraka,

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma nimesimama na chungu kimeungua, kwa hiyo deni la chungu ni lako. Huku sote wazima. Jirani yangu fundi cherehani anakusalimu, anasema ukipata mchumba huko usimlete bila kumpima suruali kwake.

Usiniulize kuhusu simu. Bwana Mkubwa aliiosha. Aliiona ina alama za vidole, akaitia kwenye beseni la sabuni, akaisugua kwa mswaki, akaianika kwenye kamba na vibanio viwili. Inang'aa kuliko siku niliyoinunua ila haisemi. Tutaandikiana kama watu wa zamani, na mimi sina kinyongo, maana kwenye simu ulikuwa unaniambia "sawa shangazi" huku nasikia unakaanga vitu.

Mwanangu hajambo. Thelathini na nne sasa, na bado hanywi kitu ila kwa kile kikombe chake cha bati kilichokatika mkono. Kuhusu vifungo umeniudhi kidogo, lakini yamepita. Asiyelea mtoto kama wangu ana muda wa kuhesabu vifungo.

Sasa sikiliza, na usome mara mbili. Umesema watu wanane. Je, hakuna nafasi ya wa tisa? Mimi mzima wa afya, usije ukaanza maswali. Ila nimekula chumvi, na mwenye mtoto kama wangu hana ruhusa ya kufa ovyo. Baba yake hayupo. Kaka yangu, baba yako, hayupo. Amebaki fundi, na fundi ana watu wake wa kulisha. Na umebaki wewe. Mimi mwenyewe sihami, nyumba hii marehemu baba yake aliijenga kwa mikono yake na hapa ndipo nitakapotolewa. Lakini Bwana Mkubwa nataka nimwone amekaa pazuri nikiwa bado na macho ya kumwona.

Muulize huyo msimamizi wako. Uliza moja kwa moja, usizunguke.

Shangazi yako


30 Machi

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia mko wazima, na pole kwa chungu na simu. Mama alikuwa na mafua, yamekwisha. Binamu yetu wa kule mlimani amejifungua mtoto wa kike na anafanana na baba yako mpaka paji la uso, maskini.

Kazi inaendelea na mimi ninaendelea kutoielewa. Tuna mzee mmoja hapa nyumbani, tunamwita Babu Kofia kwa sababu haivui hata akilala. Haongei sana. Kila asubuhi mimi ndiye ninayemhudumia, na kila asubuhi namuuliza kwa adabu zote, "Babu, redio iwashwe au izimwe?" Anajibu, "Izimwe." Naizima. Kisha anaketi mbele ya hiyo redio iliyozimwa mpaka saa ya chakula, anaitazama tu. Msimamizi anasema ninajifunza vizuri kuheshimu uamuzi wa mtu. Mimi kuna kitu kinanikereketa lakini sijui ni nini.

Kule karakana tumepata oda ya mishumaa ya hoteli. Mishumaa yetu imepinda kidogo, hoteli wanasema wanaipenda hivyo hivyo.

Mvua zimeanza kwenu? Paa la jikoni lile mlilipigilia?

Wako,
binti wa kaka yako


21 Aprili

Kwa Bi Haraka,

Marahaba. Sote wazima. Paa limepigiliwa.

Umenieleza habari za redio, mishumaa, mafua na paji la uso la baba yangu. Umenijibu kila kitu isipokuwa nilichouliza. Mimi si mtoto wa kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Kama hakuna nafasi, sema hakuna. Kama unamwonea haya Bwana Mkubwa mbele ya wenzako wa kazini, sema pia, nitalia siku moja kisha nitazoea.

Shangazi yako


12 Mei

Kwa Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo, tena shikamoo. Nimesoma barua yako kwenye ngazi za ofisi na nimelia hapo hapo, msimamizi akanipita akadhani nimefiwa.

Simwonei haya. Usiniandikie tena neno hilo, tafadhali. Ni ndugu yangu, alinibeba mgongoni kabla hujajua kama ana nguvu za kubeba mtu.

Ukweli ni huu. Nafasi ilikuwepo tangu siku uliyoniuliza. Mama mmoja alihamia kwa dada yake, kitanda kikabaki. Sikukuambia kwa sababu sikujua kama nifurahi. Nyumba ni safi, watu ni wema, chakula kinaiva kwa wakati. Lakini kuna wakati napita koridoni jioni nasikia mtu anauliza "Mama anakuja lini?" na sisi tulioajiriwa tunatazamana. Niliogopa kukuambia kuna nafasi, nikaogopa kukuambia hakuna, nikaandika habari za mishumaa.

Nimemweleza msimamizi. Amesema watamshikia nafasi mpaka mwisho wa mwaka, kwa sharti moja, na hilo halina mjadala: mwenyewe atake. Si mama atake, si mimi nitake. Hawampokei mtu mzima aliyeletwa kama mzigo. Kwa hiyo muulize, shangazi. Muulize akiwa ametulia, redio imezimwa, hana njaa. Kisha unyamaze. Najua kunyamaza ni kazi kwako. Hata mimi nimeirithi kwako.

Nasubiri nikiwa roho juu.

Wako,
binti wa kaka yako


9 Julai

Kwa binti wa kaka yangu,

Marahaba. Nimekawia kujibu, najua. Nilisafiri kidogo. Fundi alikuja kulala hapa na Bwana Mkubwa, wakaelewana vizuri, amemfundisha kubandika vifungo. Usiulize safari ya wapi, zilikuwa shughuli tu.

Nimemuuliza. Nilifanya kama ulivyosema. Nilimpa chai kwenye kikombe chake, nikamwacha amalize, nikamwambia, "Mwanangu, unataka kukaa hapa na mama, au unataka kwenda kukaa kwa dada?" Halafu nikafunga mdomo. Nilitazama dirishani ili nisimtie maneno kwa macho.

Akasema, "Kwenda kukaa kwa dada."

Hakusita. Hakunitazama hata. Akachukua kikombe chake akaenda kukiosha.

Mimi ndiye niliyetaka aende, si ndivyo? Nimekusumbua miezi yote hii. Sasa amekubali na mimi nimekaa kwenye kiti hiki nashindwa kunyanyuka kupika. Miaka thelathini na nne sijalala nyumba nyingine na mtoto huyu ila kwa dharura, na yeye ananiaga kama anaomba chumvi. Fundi ananiambia nishukuru. Nashukuru. Nimemwambia amshonee suruali mbili mpya na shati la kola. Nadhani mwezi wa tisa nimlete.

Nimechanganyikiwa, mwanangu. Sijui kama nimefanikiwa au nimeachwa.

Shangazi yako


24 Julai

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini suruali bado hazijashonwa. Ngoja nianze mwanzo, nina haraka mpaka kalamu inateleza.

Unamkumbuka Babu Kofia, anayesema redio izimwe? Wiki iliyopita niliugua tumbo, mpishi akanishikia zamu ya asubuhi. Mpishi wetu hana habari na mafunzo, yeye huuliza maswali yake ovyo ovyo. Akamuuliza, "Babu, redio izimwe au iwashwe?" Babu akasema, "Iwashwe." Akaiwasha. Shangazi, yule mzee alisimama akacheza. Nimeambiwa alicheza na kofia yake mpaka chai ikapoa, watu wote wakatoka vyumbani kumtazama.

Niliporudi nikajaribu mwenyewe. "Chai au maji?" Maji. "Maji au chai?" Chai. "Nje au ndani?" Ndani. "Ndani au nje?" Nje. Anachukua neno la mwisho ulilomwachia. Si kwamba hana anachokitaka. Anachukua la mwisho kwa sababu ndilo lililobaki sikioni, na kwa sababu amezoea kwamba mtu akimuuliza anataka jibu upesi. Msimamizi anasema wako wengi wa namna hiyo, na kwamba ilikuwa niambiwe tangu siku ya kwanza. Sikuambiwa. Nimemnyima mzee wa watu redio yake miezi mitano, kwa heshima zote.

Sasa soma tena ulivyomuuliza Bwana Mkubwa. Hapa na mama ilikuja mwanzo. Kwa dada ikaja mwisho.

Muulize tena, safari hii anza na kwa dada umalizie na kwa mama. Naomba sana.

Na safari yenyewe ilikuwa ya wapi? Wewe husafiri hata harusini kwa kusukumwa.

Wako,
binti wa kaka yako


15 Agosti

Kwa Bi Haraka,

Marahaba. Fundi anakusalimu. Suruali zimeshonwa, zimempendeza, haziwezi kushonolewa tena.

Nimemuuliza kinyumenyume kama ulivyotaka. "Unataka kwenda kwa dada, au kukaa hapa na mama?" Akasema, "Kukaa hapa na mama."

Nilimkumbatia mpaka akanisukuma. Kisha nikajiambia ngoja, huu nao si mtego ule ule? Nikamuuliza tena ile ya kwanza. Kwa dada. Tena ya pili. Na mama. Nilimuuliza jikoni, nikamuuliza uani akianika nguo, nikamuuliza akiwa kitandani, mpaka akavuta shuka kichwani. Mtoto wangu namjua tangu yu tumboni, najua akikohoa kwa baridi na akikohoa kwa hila. Nimempa chakula miaka yote kwa kumuuliza hiki au kile. Sasa najiuliza ni mara ngapi amekula asichokitaka. Ndizi zile! Nimemlisha ndizi maisha yake yote kwa sababu ndizi naitaja mwisho.

Wewe ndiye uliyesomea. Niambie nifanyeje. Nimlete, nisimlete? Mimi nimepata kichwa cha kunizunguka, tena nimelala mchana mara mbili wiki hii, jambo ambalo si langu.

Shangazi yako


2 Septemba

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Sijasomea kitu, shangazi, nilikaa semina siku mbili na siku moja katika hizo walitupa soda. Usinitazame mimi kama mwenye majibu. Nikitoka hapa jioni huwa sijui kama nimemsaidia mtu au nimemwongezea kazi.

Nilimpelekea msimamizi swali lako. Kasema tuache kumuuliza kwa mdomo kabisa, mdomo wake si mahali anapoweka mambo yake. Tutazame mikono. Kwa mfano yule mama wa vifungo, tulikuwa tunabishana kama anaipenda karakana. Siku moja tulifunga karakana, akaenda akasimama mlangoni na aproni yake ameshaivaa. Basi, tukajua.

Kwa hiyo fanya hivi. Mweleze kwamba kuna safari ya kwenda kwa dada, mwonyeshe ile picha yangu. Mpe begi, mwambie apange. Kisha toka chumbani, kweli utoke, usichungulie. Akipanga kwa furaha, akitia vitu avipendavyo, tutajua. Akiliacha tupu au akilificha, tutajua pia.

Kwa nini unalala mchana? Safari ilikuwa ya wapi? Nimeuliza mara mbili sasa.

Wako,
binti wa kaka yako


25 Septemba

Kwa Bi Haraka,

Marahaba. Wazima. Mvua zimechelewa, fundi amenunua mashine mpya ya miguu na kelele yake inaingia mpaka ndani ya sufuria.

Hilo jaribio lako halina maana, au mtoto huyu ni mzito kuliko nilivyofikiri. Nilimpa begi jekundu, nikamwonyesha picha yako, nikamwambia panga begi, unakwenda kwa dada. Nikatoka. Nilikaa uani mpaka nikasikia kimya. Narudi, begi limefungwa vizuri, limewekwa mlangoni. Nikasema basi, amekata shauri.

Nikafungua nione amesahau nini. Si vitu vyake! Ndara zangu za ndani. Miwani yangu ya kusomea. Taulo langu la kijani. Chupa ya chai. Vile vidonge vyangu ninavyoviweka nyuma ya makopo ya jikoni, ambavyo hata fundi hajui viko wapi. Katika vyote hivyo, cha kwake kilikuwa kimoja, kile kikombe.

Nikamwambia hapana, mwanangu, hivi ni vya mama. Begi ni lako. Nikavitoa, nikamwekea mashati yake na suruali mpya mbele ya macho yake. Asubuhi natafuta ndara, hazipo. Ziko kwenye begi. Nikatoa tena. Jioni nataka miwani niandike barua hii, haipo. Nimeandika nusu ya ukurasa huu bila kuona vizuri ndipo nikakumbuka pa kuitafuta.

Mara tatu amekosea. Hajui kutenganisha cha kwake na cha mwenzake? Mbona nguo za kamba hukunja za kwangu huku na zake huku? Waulize hao wenzako ni ulemavu gani huu mwingine.

Shangazi yako


8 Oktoba

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Leo sina habari za watu wengine. Wote wazima, tuishie hapo.

Hakukosea.

Shangazi, vile vidonge ni vya nini? Mtu hafichi vidonge vya kichwa nyuma ya makopo. Umenitumia barua tangu Machi zinazosema mzima wa afya, mzima wa afya, na mwanao ameziandika upya kwa begi moja. Ulisafiri bila kusema wapi. Unalala mchana. Nimekasirika, na nina hofu, na niko mbali, na nimeandika sentensi hii mara nne nikaifuta.

Nilitaka kukuambia kwamba anasema mama naye aje. Nilifurahi usiku kucha kwa jibu hilo. Kulipokucha nikaanza kujitilia shaka. Pengine kuna mtu aliwahi kumwagiza apange begi la namna hiyo hiyo, uliposafiri? Ndara, taulo, chupa ya chai, vidonge: hivyo ni vitu vya kulala hospitali, shangazi, si vya kuja kwangu. Pengine kwake begi maana yake ni mama anaondoka, na yeye anataka angalau uondoke na kila kitu. Sijui. Kadiri ninavyokaa kwenye kazi hii ndivyo ninavyozidi kutojua, na msimamizi anasema huo ndio uzoefu.

Hili najua. Kitanda cha nyumba yetu ni cha mtu mmoja, mama hapangiwi humo. Lakini karakana hupokea watu wa mchana. Mimi nimepanga chumba na sebule, chini, hakuna ngazi, na hospitali iko barabara ya pili. Nimekaa miezi yote hii mikono nyuma na wewe, nikisubiri useme mwenyewe, kama ninavyofundishwa, na naona hukusudii kusema. Basi mimi nasema. Nataka mje wote wawili. Hilo ni langu, usilichanganye na jibu la Bwana Mkubwa.

Yeye mpe mabegi mawili. Lako na lake. Usiseme neno lolote. Atakachofanya ndicho.

Wako,
mwanao


30 Oktoba

Kwa mwanangu,

Marahaba. Umenigombeza kama mama yangu. Nilisoma nimekaa.

Ni moyo. Mwezi wa sita nilianguka jikoni. Aliyekwenda kumwita fundi ni yeye, na fundi anasema alifika pale hana viatu, hasemi kitu, anamvuta shati tu. Nililazwa wiki tatu. Ulikisia sawa: fundi alimwambia apange begi la mama, akataja vitu kimoja kimoja, naye akapanga na akanipelekea mwenyewe mpaka kitandani. Kwa hiyo begi analijua. Sikukuambia kwa sababu nilijua ungeacha kazi uje, na ungekuja ungenifungia vifungo.

Basi nikaweka mabegi mawili kitandani. La kwake, jekundu, nikatia mashati na suruali za fundi. La kwangu nikatia ndara, taulo, vidonge. Nikakaa kwenye kiti, mikono nyuma. Mwambie msimamizi kwamba ukikaa kwenye kiti mikono nyuma mgongo unauma.

Alizunguka kitanda. Alifungua moja, akafunga, akafungua jingine. Nilitaka kumsaidia mpaka vidole vikanicheza. Akatoka nje. Nikajua ndiyo basi, amechoka na maswali yetu. Akarudi na kikombe chake, amekiosha, kinadondosha maji.

Akatoa ndara zangu akazitia begi lake. Akatoa taulo, akatia. Vidonge akaviviringisha ndani ya shati la kola, kikombe akakiweka juu yake. Zipu ikakataa, akalikalia begi, akavuta, ikafunga. Langu lililobaki tupu akalikung'uta, akalikunja, akapanda kiti akalirudisha juu ya kabati.

Halafu akaja kunishika mkono kuninyanyua, kwa sababu anajua siku hizi kunyanyuka kunanipa shida.

Nyumba nimemwachia fundi funguo. Marehemu atanielewa, naye alikuwa hapendi kulala peke yake. Tutapanda basi la Jumatano. Usije kituoni na toroli. Begi ni moja, na mwenyewe amesema, kwa mikono, kwamba atalibeba.

Shangazi yako